Verna Tolliver na Farasi Aliyejifunza Kwenda Polepole

Verna Tolliver hakupenda mtu amguse farasi wake ovyo. Mara ya kwanza nilipokwenda kumsuka farasi huyo, Juniper, alinigombeza mpaka masikio yakaniwaka. Alisema nimevuta mno, kwamba farasi si mtoto wa shule anayepelekwa kupiga picha. Nikafumua, nikasuka upya. Kazi yangu ndiyo hiyo, kuwasuka singa za shingoni farasi wa mashindano kabla hakujakucha, na nimetukanwa na watu wengi katika kazi hii. Lakini ni Verna peke yake aliyenitukana kisha akanipa mkate wa moto wenye nyama ya paja iliyokaushwa kwa chumvi. Tangu siku hiyo tulikuwa marafiki mpaka alipokufa.

Alizaliwa hapahapa kwetu Virginia, chini ya milima, kwenye kishamba kilichobanwa na mashamba ya matajiri. Mumewe, Emmett, alikuwa mtunza mbwa wa kuwindia mbweha, akafa mapema kwa ugonjwa wa kifua. Alimwachia binti mmoja, Delphine, aliyejua kupanda farasi kabla ya kujua kufunga kamba za viatu, na farasi jike mzee mwenye mimba. Huyo mzee ndiye aliyemzaa Juniper, wa rangi ya kahawia, usiku wa mvua, na Verna akamkausha kwa sweta yake mwenyewe. Alipenda kuisimulia habari ya sweta hiyo, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba tumeshaisikia.

Watu wasiojua hudhani mashindano ya farasi wa kuruka viunzi ni kitu kimoja. Yapo yale ya saa. Ukiangusha mti wa kiunzi umepata kosa, na mwepesi ndiye mshindi. Hayo ni yaleyale popote uendapo, maana saa haina kwao. Juniper alikuwa wa yale mengine, ambayo mwamuzi hutazama uzuri wa mwendo tu, na uzuri kila mahali una wake. Sisi tunaruka nje, kwenye majani, tukipanda na kushuka kilima, tukivuka kuta za mawe na mageti, na tunataka farasi aende shoti kama anayemfuata mbweha kweli. Florida, ambako wote hukimbilia wakati wa baridi, wanaruka kwenye uwanja wa mchanga laini, na wanamtaka farasi mtulivu, wa polepole, kana kwamba kila kiunzi amekikuta njiani kwa bahati. California nako wana yao. Nilikwenda mara moja, na nitalisema lililonipeleka.

Kwetu, Juniper alishinda karibu kila alipoingia, Delphine akiwa mgongoni, Verna amesimama kwenye ua wa uwanja akinung'unika kwamba hawa waamuzi leo wamejitahidi kuona. Kisha Delphine akakua, akaondoka. Alipata kazi Florida kwa Bwana Lassiter, mwenye mabanda makubwa, na kwa miaka kadhaa akawa mtu wa kufundisha farasi wa wengine na kupanda waliokataliwa na wengine. Mwishowe Lassiter akamwahidi kwamba akiutwaa ubingwa wa farasi wa mwendo msimu ule, atamkabidhi banda zima liwe chini yake. Delphine hakuwa na farasi wa kumfikisha huko. Akamwomba mama yake ampe Juniper.

Verna hakutaka. Nyumba ilikuwa tupu, na yule farasi ndiye aliyekuwa amebaki wa kusemeshwa. Lakini mtoto alikuwa mmoja, na hakuwahi kumwomba kitu. Akampakia Juniper kwenye tela, akasimama barabarani hata baada ya tela kupotea.

Mimi nami hushuka Florida wakati wa baridi kufuata kazi, kwa hiyo nilikuwapo. Juniper aliingia kwenye ule mchanga akaenda kama alivyofundishwa kwao, shingo mbele, hatua ndefu, anakitafuta kiunzi. Mimi machozi yalinilenga kwa uzuri. Mwamuzi hakumpa hata utepe wa mwisho kati ya tepe wanazovishwa washindi. Verna alikuja siku chache kutazama, akawakodolea macho farasi waliowekwa mbele, akamuuliza mwanawe, "Hawa wenu wanasubiri basi?" Sisi tulicheka. Delphine hakucheka.

Basi wakaanza kumchosha, jambo ambalo kule wengi hulifanya na hakuna anayelificha. Kila alfajiri alizungushwa kwenye mchanga kwa kamba ndefu, kulia, kushoto, kulia tena, mpaka moto wake upungue kabla ya kupandwa. Nilipomaliza kusuka farasi wa mwisho nilikuwa nikimkuta bado anazunguka. Na kweli akaanza kwenda polepole. Aliruka laini, akatua laini, na tepe zikaanza kuja.

Verna alikuwa amesharudi nyumbani. Delphine alimtumia video, naye akanipigia simu akisema kumbe farasi wake alikuwa anaweza kujifunza, mwenye kichwa kigumu ni yeye. Baadaye sana aliniambia kwamba alipoitazama ile video kitu kilimchoma moyoni. Kwetu, farasi mkali akipoa ghafla hivyo, mtu humpapasa miguu kwanza, kutafuta joto la maumivu, ndipo amsifu. Hata sisi watoto tulifundishwa hilo. Lakini Verna alijiambia kwamba kule si kwetu, kwamba kule polepole ndiyo adabu yenyewe, na kwamba asiwe kila siku mama wa kumkosoa mwanawe. Akanyamaza, akapanga safari ya kwenda kuuona ubingwa.

Siku ya fainali Juniper aliruka vizuri kuliko wote. Hilo lilikuwa wazi hata kwa waliotaka ashindwe. Lakini kabla ya kugawa tepe, waliofanya vizuri huitwa tena uwanjani bila tandiko, wakiongozwa kwa mkono, wapite mbele ya mwamuzi kwa mwendo wa mchakamchaka ili aone kwamba hakuna anayechechemea. Kwetu, aliyemlea farasi ndiye humwongoza saa hiyo. Verna alikuwa amevaa koti lake la kanisani kwa ajili hiyo hasa. Nilikuwa langoni nikiutengeneza msuko mmoja uliofumuka pale Delphine alipomkabidhi mama yake hatamu.

"Mama, mshike kichwa karibu," alisema.

"Kwa nini?"

"Mshike tu. Kutoka hapa mpaka pale kwenye meza ya mwamuzi, basi, imekwisha."

Hakuna mtu wa farasi asiyejua maana ya maneno hayo. Farasi anayeumwa mguu wa mbele huweza kuficha anaporuka, lakini kwenye mchakamchaka huinua kichwa kila anapoukanyagia. Ukimbana hatamu chini ya kidevu, hawezi kuinua, na mwamuzi akiwa mbali haoni kitu. Verna alimtazama mwanawe, akaingia.

Kwetu ardhi ikikauka huwa ngumu, na farasi anayechechemea tunamsikia kabla hatujamwona. Mchanga ule ulimeza kila sauti. Nilimwona Verna akikimbia na koti lake la kanisani, ngumi yake chini ya kidevu cha Juniper, na kwa muda nilidhani atafika. Katikati ya uwanja mkono wa Verna ukafunguka. Aliiachia hatamu yote, na kile kichwa kikapanda na kushuka, kikapanda na kushuka, mbele ya watu wote. Mwamuzi akainua kalamu akawaonyesha lango.

Walipotoka, Delphine aliwaziba njia.

"Mara moja tu, Mama. Ungenisaidia mara moja tu."

"Tangu lini, Dee?"

Delphine akanyoosha mkono kuichukua hatamu.

"Nakuuliza tangu lini anaumwa."

"Wote wanaumwa, Mama," akasema. "Hapa wote wanaumwa."

Verna aliinama pale pale, na koti lake, akaushika ule mguu, na nadhani joto lake alilisikia hata kabla ya kuugusa.

Kano ilikuwa imechanika. Daktari alisema Juniper ataishi, lakini hatabeba mtu tena. Banda alipewa mwingine. Delphine alihamia California, kufundisha farasi wa saa, na simu hakupiga. Nilimkasirikia. Nilimkasirikia Lassiter pia, na yule mwamuzi, na mchanga wenyewe, lakini hasira yangu haikumsaidia mtu.

Verna alirudi na Juniper akamwachia malishoni. Jioni aliweka kiti chake kwenye ua akakaa naye. Hakuwahi kumsema vibaya Delphine, na aliyejaribu kumsema alifukuzwa shambani. Tandiko la binti aliendelea kulipaka mafuta, na Krismasi alipika paja zima la nguruwe kana kwamba kuna wa kulila. Siku moja aliniambia, "Ruthann, ningembana kichwa, ningekuwa na mtoto leo." Nikamwambia asiseme hivyo. Akasema anasema kwa sababu ni kweli, na kwamba hata akirudishwa pale ataachia tena, ndiyo maana hapati usingizi.

Alipoanza kuugua moyo alinituma California. Jua la huko liliniunguza shingo, na nilimkuta Delphine uwanjani akipima kwa hatua nafasi kati ya viunzi. Nilimweleza hali ya mama yake. Alisikiliza akitazama chini, kisha akauliza kama Juniper bado yupo. Nikasema yupo, anachechemea, amenenepa. Akasema atakuja msimu ukiisha. Huko msimu hauishi upesi, na mama yake hakuungoja.

Alifika siku ya mazishi. Alinikuta jikoni kwa Verna, akaniomba nimsuke Juniper, nisivute mno. Nilimsuka huku nalia, na bado kila msuko ulinyooka.

Kaburi lilichimbwa ukingoni mwa malisho, karibu na Emmett. Kaunti nzima ilikuja, watu ambao kazi yao ni kumtambua farasi mgonjwa. Mvua haikuwa imenyesha kwa muda na ardhi ilikuwa ngumu, kwa hiyo tulimsikia Juniper kabla hatujamwona, kwato zikigonga bila kulingana, moja nzito, moja nyepesi. Kisha wakatokea kwenye kona ya banda. Delphine alikuwa ameiachia kamba yote, na kichwa kilipanda na kushuka njia nzima mpaka kaburini, naye hakukigusa.

Verna angemgombeza kwa kuchelewa, kisha angempa mkate.