Sigara ya Kupimia Hewa

Sitaki mtu aniambie kuacha sigara ni suala la moyo mgumu. Moyo wangu ni mgumu, mke wangu atakuapia. Shida ilikuwa kwamba moyo huohuo mgumu ulianza kukimbia ovyo, kama kuku aliyeona kipanga, hata nikiwa nimekaa zangu kimya mbele ya sahani ya bugali na sombe, yale majani ya muhogo.

Wakati huo nilikuwa nachimba dhahabu Salamabila, familia nimeiacha Kasongo. Nilikohoa muda mrefu, mpaka mke wangu akaacha kuuliza na kuanza kununa. Basi nikaenda kwa daktari pale Kasongo. Alinisikiliza kifua mbele na nyuma, akaniambia mapafu yangu hayawezi kubeba vumbi la shimo na moshi wa sigara kwa pamoja, nichague nitakachoacha. Nichague nini? Shimo ndilo linalotulisha. Nikaacha sigara.

Daktari alitaka nitupe kila kitu cha kunikumbusha, nikatupa. Hata briketi yangu, kile kiberiti cha gesi kilichokaa mfukoni mwangu zaidi ya pesa, niliitumbukiza chooni nisije nikairudia. Alinifundisha na jambo lingine: hofu ya kukosa tumbako ikija, usikimbie. Kaa chini, pumua polepole, ngoja. Itapita yenyewe. Aliyasema kwa upole, na mimi niliyashika kama sala.

Niliporudi Salamabila nikagundua kwamba mji mzima ulikuwa unanivutia sigara usoni. Vijana wa pikipiki wanavuta wakingoja abiria, wanaosubiri dhahabu yao ioshwe wanavuta, na kwenye vibanda sigara zinauzwa mojamoja, zimechomoza kwenye pakiti zinakuita. Nikisikia tu mlio wa briketi ya mtu, mikono inaloa jasho. Kisha ile hofu inapanda. Haikuwa hofu ya kitu ninachokijua. Nilihisi kama kuna mtu yuko njiani anakuja na habari ya msiba, na yuko karibu kufika. Nikawa mkali kwa kila mtu. Nilimtukana mwanamke aliyeniuzia chai eti ina sukari kidogo, na ilikuwa na sukari ya kutosha.

Shimoni nilifanya kazi na shemeji yangu, ndugu wa mke wangu. Mtu mzima mwenye watoto, mtu wa kanisa, hajaonja tumbako tangu azaliwe. Zamani tukishateremshwa kwa kamba mpaka chini, kitu cha kwanza mimi nilikuwa nawasha sigara. Ikiwaka vizuri, tunaanza kupiga mwamba, nayo inaendelea kuwaka mdomoni. Ikififia, shemeji alikuwa anasema hewa imelala, tupande. Alinihubiria kila siku juu ya ule moshi, huku macho yake hayatoki kwenye ncha ya sigara. Hakuna aliyeiita kazi. Yalikuwa mazoea yangu tu, mabaya, na nilipoyaacha wote walinipongeza.

Hofu ilinishika chini ya shimo mara ya kwanza baada ya siku chache tu. Kifua kikabana, kichwa kikaanza kugonga, nikavuta kamba kama mwehu, wakanipandisha. Juu nikawa mzima. Wavuta kamba wakacheka mpaka wakakaa chini, wakasema tumbako inanidai. Mara ya pili hawakucheka sana, kwa sababu mwenye shimo, tunayemwita PDG, alikuwepo. Aliniambia mbele ya watu kwamba nikipanda tena bila sababu, nisishuke tena, nafasi yangu ina wengi wanaoitaka. Nikaona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nikaapa kwamba mara nyingine nitafanya kama daktari alivyosema.

Siku ile kulikuwa na joto la kukaba. Upepo hakuna, majani ya migomba yametulia tuli. Tulishuka. Shemeji akaanza kupiga mwamba, mimi najaza mfuko, na haukupita muda, ikaja. Kifua kilekile. Kichwa kilekile. Nikajiambia, hapana, leo hunikimbizi. Nikakaa chini kwenye udongo wenye unyevu, nikapumua polepole, nikangoja ipite. Sikumwambia shemeji kitu. Nilikuwa najivunia, kusema kweli. Nilisikia nyundo yake ikipiga, halafu ikipiga kwa uzito, halafu kimya.

“Shemeji,” akaniita kutoka gizani. “Kichwa inaniuma vibaya. Na moyo inapigapiga, sijue sababu gani.”

Nilishafungua mdomo nimwambie ni tumbako tu, akae, itapita. Maneno yalifika kwenye meno yakakwama. Mtu huyu hajawahi kuvuta. Yeye alikuwa anaacha nini?

Mkono ukaenda mfukoni wenyewe kutafuta briketi, ukakuta kitambaa. Tochi zetu zilikuwa zinawaka vizuri kabisa, lakini tochi haijui habari za hewa. Nikamfunga shemeji kamba kiunoni, miguu yake ilikuwa imeshalegea, nikavuta ishara wampandishe yeye kwanza. Nikabaki peke yangu. Sitaeleza sana muda ule. Nilijua sasa kwamba kupumua polepole hakutanisaidia, wala kupumua haraka, na niliogopa vyote viwili. Kamba iliporudi sikuweza kuifunga vizuri, nikaizungusha mkononi na kuing'ang'ania.

Juu walikuwa wameanza vicheko vyao mpaka walipomwona shemeji amelazwa chini, midomo ya kijivu, anatapika. Mmoja akawasha kipande cha mshumaa ndani ya kopo la nyanya, wakalishusha kwa kamba. Sote tukainama kutazama. Ule mwanga ulishuka vizuri, ukawa mdogo, kisha kabla haujafika chini ukazimika. PDG alitazama mahali ulipokuwa, akaondoka. Mvuta kamba aliyekuwa kando yangu akawasha sigara, na mimi, niliyenusurika kufa, nilitamani kumnyang'anya.

Sikumnyang'anya. Nikapanda pikipiki kurudi Kasongo, na sijashuka shimoni tena. Nalima sasa, mpunga na mihogo, na kikohozi kimepungua. Hofu bado inakuja. Ikinishika siangalii kifua changu tena, naangalia sura ya mtu aliye karibu nami, nione kama na yeye inamshika. Mke wangu amechoka kutazamwa hivyo. Ananiuliza, “Unanitazama nini?”

Shemeji yeye alibaki Salamabila. Ana watoto wa kusomesha, na shamba hana. Alipokuja kututembelea, alikaa uani, akanywa maji, akatuambia habari za watoto. Kisha akatoa pakiti mfukoni, akawasha sigara kama mtu aliyevuta miaka yote. Mke wangu alibaki na sahani mkononi. Yule kaka yake wa kanisa!

Nilikasirika. Nilimwambia kama ni hewa tu, abebe briketi, aiwashe akifika chini, inatosha. Alitikisa kichwa taratibu, hakukasirika hata kidogo.

“Briketi inasema mara moja tu, shemeji, halafu unarudi kwa kazi unasahau. Sigara inasema wakati wote.” Akakohoa, akafuta mdomo. “Wewe hauko tena kule. Sasa nani atatuangalilia hewa?”

Moshi ulinifikia pale nilipokaa, ule moshi ninaoujua, na mikono ikaanza kuloa jasho. Alikohoa tena, kikohozi kikavu cha chini kabisa, na mke wangu akageuza uso kunitazama mimi.

Mke wangu, aliyesali miaka yote niache, ambaye hakutaka hata majivu uani kwake, aliamka asubuhi iliyofuata akaenda sokoni mapema kabla ya wote. Aliporudi alimfungia kaka yake mzigo wa safari: mihogo mikavu, samaki, sabuni, na pakiti za sigara alizozinunua mwenyewe, akazikunja ndani ya kitambaa safi zisilowe njiani. Mimi nilikaa chini mlangoni, nikapumua polepole, nikangoja pikipiki ije imchukue.