Kilio cha Ubatizo

Jumapili iliyopita, kwenye ubatizo kigangoni Namswea, mtoto wa miaka miwili alimwona padri amevaa kanzu nyeupe, akapiga yowe huku ameshika paja kwa mikono miwili. Padri aliposogea na maji, akala teke la tumbo. Waumini wakaanza kunong'ona, na mama wa mtoto akainamisha kichwa kwa aibu.

"Huyu ana shetani?" mzee mmoja akauliza.

"Hana shetani, ana chanjo," bibi yake mtoto akajibu. "Nesi wa zahanati yetu anavaa nyeupe hivyo hivyo."

Padri akaingia sakristia, akarudi na shati la kitenge na stola shingoni. Akampa mtoto ndizi, akambatiza akiwa anatafuna.

Wanasaikolojia wangesema mtoto alijifunza kwamba nyeupe huleta sindano. Sawa. Lakini pia husema kitendo kinachozawadiwa hurudiwa, na watoto wanne waliobaki kubatizwa, ambao hawakuogopa chochote, walikuwa wameitazama ile ndizi mpaka ikaisha. Wakaangua kilio kwa pamoja. Na mimi, mtu mzima, nikajikuta natafuta machozi.