Kambale Wasio na Mlaji

Lambo la kijijini kwetu, mbele kidogo ya Nyamuswa, lilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe. Wazo la kupanda samaki lilikuwa la dada yangu mkubwa, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, nami niliingizwa kwa sababu moja tu: nimesoma chuo kikuu. Kwamba nilisoma historia halikumsumbua mtu. Kwa akina mama wale, aliyesoma amesoma, na samaki nao bila shaka wameandikwa mahali.

Basi nikawa mtu wa vifaranga. Nikitoka Musoma, ninakoishi na kuandika makala ambazo hazijawahi kumshibisha mtu, nilipitia Bunda kwenye mabwawa ya mfugaji mmoja, nikachukua vifaranga vya sato ndani ya mifuko ya plastiki, kisha nikapanda bodaboda hadi lamboni nikiwa nimeipakata mifuko kama mtoto mwenye homa. Tuliwamwaga, tukaomba, tukaimba wimbo mmoja. Halafu tukasubiri sato.

Hawakuonekana. Mara ya kwanza tulilaumu jua. Mara ya pili tulilaumu mnandi, wale ndege weusi wanaokausha mabawa juu ya nguzo za uzio. Nikatengeneza sanamu ya kuwatisha, nikaivika koti langu la semina. Kufikia jioni mnandi mmoja alikuwa ameikalia begani.

Wenye ng'ombe walianza kunung'unika. Uzio wa akina mama ulikuwa umechukua upande wa maji marefu, na ndani ya uzio hakukuwa na kitu. Kwenye mkutano wa kijiji dada alisimama akasema tujaribu mara moja zaidi. Sato wakipotea tena, uzio ung'olewe, lambo lirudi kwa ng'ombe, na yeye aachie uenyekiti. Alipokaa alinitazama jinsi mtu anavyolitazama begi alilosahau kulifunga.

Kabla hatujapanda tena, alikuja shemeji yetu kutoka upande wa Kiabakari, mume wa mdogo wetu wa mwisho. Ni Mkatoliki wa Butiama, mkulima, mpole, na mtu anayependa kula. Chakula kilipochelewa alichukua ndoano akashuka lamboni. Alirudi na kambale wengi kwenye kamba, hakuna hata mmoja aliyezidi kiganja chake.

Sisi tunasali Jumamosi, na samaki asiye na magamba hatumli. Hatuna ugomvi naye. Mtu wa kwetu akinasa kambale, anamtoa kwenye ndoano taratibu, anamrudisha majini, ananawa. Tulikuwaga tunafanya hivyo toka utotoni, tukijiona watu wema. Na wale wachache ambao imani haiwazuii, mazoea ya ziwani yanawazuia, maana watu wa Mara tumehubiriwa miaka yote kwamba samaki mdogo harudi nyumbani, anarudi majini. Kwa hiyo kambale mdogo wa kijijini kwetu alikuwa amelindwa mara mbili.

"Shemeji, hao kapikie nje," dada alisema. "Sufuria yangu usiiguse."

"Sikuombi sufuria. Nipe kisu, halafu ugeukie kule usije ukatamani."

"Nitamani samaki mwenye masharubu?"

"Mbona mdogo wenu mlinipa nikiwa na masharubu haya haya."

Akakaa juu ya jiwe, akapasua tumbo la kambale wa kwanza. Kisha akainua kisu, na kwenye ncha yake kulikuwa na sato mdogo, mwenye magamba yake yote, masalia ya wale tuliowamwaga mara ya mwisho.

"Hawa mnawalisha vizuri," alisema.

Dada alisogea karibu mpaka kanga yake ikagusa kamba ya samaki. "Pasua mwingine."

Alipasua mwingine. Naye alikuwa na sato.

"Kumbe muda wote huu nilikuwa nawahudumia kambale," dada alisema, akaenda kuutazama ugali wake.

Kesho yake nilimfuata yule mfugaji wa Bunda. Aliniuliza kambale wenyewe ni wa ukubwa gani. Nikasema wadogo, na wamejaa. Akacheka kidogo. Wamekuwa wengi kuliko chakula, alisema, kwa hiyo hawakui. Wanabaki wadogo na wenye njaa, na kifaranga mdogo hana pa kujificha. Tuwapunguze wadogo kwa nguvu zote. Wakubwa wachache tuwaache, maana wanakula wadogo wao wenyewe. Na safari hii tupande sato wa ukubwa wa kiganja, asiyemezeka kirahisi.

"Yaani turudishe wakubwa, tule wadogo?"

"Ninyi si hamwali? Tafuteni wanaowala."

Kwenye kikao cha kikundi, dada alipotaka shemeji na ndugu zake waitwe, mzee wa kanisa letu aliuliza swali la haki: kitu ambacho sisi hatukihesabu kuwa chakula, ni sawa kumlisha jirani?

"Mzee wangu," dada alijibu, "ng'ombe wako anakula pumba. Wewe unakula pumba?"

"Basi waje," mzee alisema. "Ila Jumamosi hapana."

Wakaja Jumapili baada ya misa, shemeji na ndugu zake, kwa bodaboda, na nyavu na ndoo. Akina mama wetu walivuta kamba za wavu bila kumgusa samaki. Mimi nilipewa fimbo: kambale aliyeizidi fimbo anarudi majini, wa chini yake anaingia kwenye ndoo. Nilisimama matopeni na heshima yote ya kazi hiyo, mpaka kambale mmoja mkubwa aliponichapa mkia nikakaa chini.

"Huyo ana digrii ya pili," shemeji alisema. "Mrudishe."

Walirudi Jumapili nyingi. Harufu ya kambale wakikaushwa kwa moshi ilijaa kijiji cha watu wasiowala, na watoto wetu walikuwa wakipita pale mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Ndoo zilipoanza kurudi nusu, tulipanda sato wa kiganja. Safari hii hatukuimba. Sidhani kama kuna aliyetaka kujiaibisha.

Mwezi uliopita dada alinipigia simu, akasema njoo, bila kueleza. Nilimkuta kwenye uzio na bakuli la pumba. Mwenye ng'ombe mmoja, yule aliyenung'unika kuliko wote, alikuwa ameegemea nguzo karibu naye, akijifanya anapita tu. Dada alirusha pumba. Maji yalitulia, kisha yakachemka, migongo mipana ikigeuka geuka juu, mmoja akaruka mzima hewani.

Mwenye ng'ombe alikohoa. "Huu uzio umelegea hapa, mama mwenyekiti," alisema. "Nitaleta nguzo."

Dada alikuwa akitazama pembeni, penye maji mafupi, ambapo masharubu madogo yalichomoza yakazama tena.

"Mpigie shemeji," aliniambia. "Mwambie njaa yake bado tunaihitaji."