Madebe ya Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kama mafundi wote wanaojiheshimu ana mkasi ambao haushikwi na mtu mwingine. Ni mweusi, mzito, na mipini yake imelika mpaka ikafuata vidole vyake. Nilipokuwa na miaka saba niliuiba nikakatia karatasi ya shule. Kofi nililopata sijalisahau, na somo lililofuata kofi silisahau pia: mkasi wa kitambaa ukikata karatasi unakuwa butu, na fundi mwenye mkasi butu atalala njaa. Leo nina miaka thelathini na minane, nina watoto wangu mwenyewe, na bado nikiingia chumbani kwake naweka mikono nyuma.

Yeye ndiye aliyenilea, kwa hiyo nyumba zake za kupanga nazijua. Zilikuwa tisa. Kuanzia ya tatu nilikuwepo na nilibeba mizigo, na mzigo uliokuwa mbaya kuliko yote ulikuwa mimea. Alikuwa nayo kwenye makopo ya maziwa, ndoo zilizopasuka, madebe ya mafuta ya kupikia. Mashine ya kushonea ilikwenda kwa gari, lakini mimea tuliipakata mapajani. Nililalamika sana. Nilimwuliza kwa nini asipande kitu ardhini kama binadamu wengine, akasema nishike waridi vizuri, lina miiba.

Sababu nilikuja kuisikia kwa marehemu mumewe. Katika nyumba yao ya kwanza, wakiwa maharusi, shangazi alipanda mbele ya nyumba kila alichokitaka: ua wa miti ya kukatwa kwa mkasi wa bustani, nyasi, waridi pande zote za mlango. Alikazana miaka mitatu. Wapita njia walikuwa wakisimama kutazama. Siku moja akaja mwenye nyumba, akasimama getini, akasifu sana. Wiki iliyofuata akaleta barua. Nyumba imependeza, alisema, na mwanawe anataka kuoa. Wakapewa mwezi mmoja. Walijaribu kuyang'oa yale mawaridi, lakini mizizi ilikuwa imekwenda chini sana, na waliyofanikiwa kuyatoa yalikufa kabla hayajafika walikokwenda. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu siku hiyo shangazi hakupanda kitu ambacho hawezi kukibeba.

Katika mimea hiyo yote, mlimao ndio uliokuwa roho yake. Mbegu yake aliichomeka mumewe kwenye kopo, ya limau alilokamulia chai, akasema kwa mzaha, "Siku mlimao huu utakapozaa tutakuwa kwetu." Alifariki miaka miwili baadaye. Mlimao ukahamia debe la lita ishirini, ukahama nyumba nne, ukawa unatoa maua kila mwaka na kuyadondosha yote.

Mwaka jana shangazi aliingia kwake. Vyumba viwili na sebule, hati ina jina lake, kila tofali alilisimamia mwenyewe huku akigombana na waashi. Mbele, kati ya geti na mlango, palikuwa pametupwa mabaki ya ujenzi: mchanga, vipande vya matofali, misumari iliyopinda. Nikasema hapa mimi ndiye nitakayemtafutia mtu. Nikamleta Bwana Majani, mtunza bustani tunayemwita hivyo hata usoni pake, mtu wa maneno machache ambaye akikuta uwanja husimama kwanza nusu saa bila kufanya kitu, mpaka mwenye haraka kama mimi awashwe.

Kazi yake lakini aliijua. Alichora kwa kamba njia ya mawe kutoka getini mpaka mlangoni, yenye kupinda kidogo ili ikwepe karo la maji taka. Kushoto nyasi. Chini ya dirisha mawaridi sita. Kulia, penye jua la mchana kutwa, shimo kubwa la mlimao. Alipomaliza kuchimba, shangazi akamwambia, "Kupanda nitapanda mwenyewe, baba. Mimea hii tunajuana."

Tuliporudi kesho yake kila kitu kilikuwa ardhini, udongo umesawazishwa, maji yamemwagwa. Palipendeza, na mimi si mwepesi wa kusifu. Shangazi alitembea kutoka getini mpaka mlangoni mara tatu, kama mgeni wake mwenyewe, na mara ya tatu akajipigia hodi.

Mvua zikaanza. Baada ya mwezi mlimao ukawa wa manjano, kisha ukaanza kupukutika. Mawaridi yakagoma kutoa hata tumba moja. Shangazi aliacha kula vizuri. Akinipigia simu alikuwa ananihesabia majani yaliyoanguka, na mimi, Mungu anisamehe, nilimwambia ni mti tu.

Jumamosi nikaja na Bwana Majani. Alitazama, akainama, akatia koleo karibu kabisa na shina. Koleo likalia kama limegonga sufuria. Akafukua kwa vidole, ukatokea ukingo wa bati wenye kutu. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hapa kuna debe."

"Najua," shangazi akajibu. "Nimelitoboa chini."

"Na mawaridi?"

"Yote."

Hapo mdomo wangu ukanitangulia. "Shangazi, umezika madebe? Unapanda bustani nzima kwenye makopo? Nyumba yako, hati unayo kabatini, nani anakuja kukufukuza?"

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. "Hata ile ya kwanza," akasema, "hakuna aliyetuambia anakuja kutufukuza."

Niliona aibu, nikatazama misumari iliyobaki mchangani. Mtu aliyelala miaka arobaini akisikiliza hatua za mwenye nyumba huwezi kumtuliza kwa kipande cha karatasi, na mimi niliyelala chumba kimoja naye nilipaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo.

Bwana Majani alimweleza taratibu. Udongo wa pale unashika maji. Yakiingia kwenye debe hayatoki, mizizi inaoza. Ile iliyo hai inazunguka mle ndani ikijinyonga yenyewe. "Nikiutoa leo, huenda ukapona. Tukiuacha wiki nyingine sitaki kukudanganya, mama." Akajaribu kulivuta debe, likakataa, kwa maana mizizi kadhaa ilikuwa imepenya kwenye matundu. Panga lingekata kila kitu. Ulihitajika mkasi wa bati, na wake alikuwa ameuacha kwenye kazi nyingine. "Nitakuja nao kesho asubuhi," akasema.

Shangazi alisimama akiutazama mlimao. Kisha akasema, "Subirini," akaingia ndani.

Tulisubiri. Bwana Majani ana subira ya kazi yake, mimi sina, nikamfuata. Nilimkuta sebuleni, amekaa kwenye kigoda, mapazia yote ameyashusha na kuyarundika miguuni. Hapa lazima niseme habari za mapazia hayo. Yalikuwa na pindo la shibiri nzima, kila moja, miaka yote, ili nyumba inayofuata ikiwa na madirisha marefu ayafumue na kuyashusha. Sasa alikuwa amepiga mstari wa chaki, ameacha upana wa vidole viwili, na anayakata. Mkasi ulikuwa unakwenda bila kusita na mapindo yanaanguka sakafuni.

"Unafanya nini, shangazi?"

"Kitambaa kwanza," akasema bila kuinua macho. "Bati baadaye. Ukishakata bati hautakata tena kitambaa."

Nilielewa. "Mkasi wako? Kwani hukumsikia? Kesho ataleta wake."

"Kesho nitakuwa nimebadili mawazo."

Alimaliza pazia la mwisho, akalikunja, akatoka. Alipiga magoti kwenye tope pembeni ya lile debe na kuingiza ncha ya mkasi kwenye ukingo. Sauti yake ilinikereketa mpaka kwenye meno. Bati lilikuwa limeoza kwa kutu lakini halikujisalimisha hivi hivi. Mara mbili mkasi uliteleza, na mara moja niliona kipande cha makali kikiruka. Nilitaka kumsaidia, Bwana Majani akanishika mkono. Debe lilipofunguka, mizizi ilibaki imesimama na pembe nne, imechukua umbo la debe lenyewe. Alikata iliyooza. Bwana Majani akailegeza iliyobaki kwa vidole, akaunyoosha kila mmoja upande wake, wakaurudisha mti shimoni. Kisha wakaenda kwenye mawaridi, kopo moja baada ya jingine, mpaka la sita.

"Majani yatadondoka yote, mama," Bwana Majani akamwambia wakinawa. "Usishtuke. Uache."

"Na ukishashika, unaweza kuhamishwa?"

"Hapana. Ukishashika hapa ndiyo basi, ni hapa hapa."

Shangazi akaitikia kwa kichwa. Alifuta mkasi kwa upande wa gauni lake, akaujaribu hewani, makali yakakwaruzana na kukwama nusu. Akaucheka. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama njiani na mikono yangu nyuma, akanipa.

"Haya, mwanangu," akasema. "Kakatie karatasi zako."