Sehemu Isiyo na Herufi

Kiwanda kilipobinafsishwa na sisi wapiga chapa tukapewa mkono wa kwaheri, kiinua mgongo changu chote kiliishia kwenye kompyuta moja. Niliinunua Dar, mpya, ndani ya boksi lake, na programu zote zilishawekwa humo tangu huko ilikotengenezwa. Nikafungua chumba cha kuchapa Bigwa, wanafunzi wa chuo cha Mazimbu wakaanza kuniletea tasnifu zao. Wanangu wawili walikuwa wanalipiwa ada kwa mashine hiyo hiyo. Ikifa, na mimi nimekwisha.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai. Siku diski ilipoanza kujaa, nilifungua ukurasa unaoonyesha jinsi ilivyogawanywa, nikaona kumbe kuna sehemu nzima imejificha pembeni. Haina herufi kama C au D, haifunguki, na imekalia nafasi yangu. Damu ikanichemka. Nilimtukana muuzaji wa Dar kimoyomoyo, kisha kwa sauti, kwamba ameniuzia nyumba na chumba kimoja amekifunga akaondoka na ufunguo. Nikachagua kuifuta. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika.

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, akichambua maharage aliyokuja nayo kutoka kwake Mkuyuni, milimani. Akauliza nagombana na nani. Nikamweleza kwamba kuna kitu kimejificha humu, sijui ni cha nini, nakitoa.

"Kama yale mahindi," akasema, wala hakuinua macho.

Nilitamani ardhi inimeze. Mwaka nilioolewa, mimi binti wa mjini, nilisafisha jiko lake kwa bidii zote ili nimpendeze. Juu ya mafiga nilikuta mahindi yananing'inia, meusi kwa masizi. Nikayashusha, nikayapukuchua, nikapika kande. Watu walikula wakashiba, mpaka mama mkwe aliporudi kutoka shamba na kutazama juu. Ilikuwa mbegu. Kule milimani mbegu hutundikwa kwenye moshi ili wadudu wasiiguse, na hakuna aliyefikiria kuniambia jambo ambalo kila mtoto wa pale alilijua. Msimu ule tulipanda mbegu ya kuomba kwa majirani, tena tumechelewa. Hakunigombeza. Ila tangu siku hiyo sikuruhusiwa kugusa mbegu ya nyumba ile, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Nikabonyeza hapana. Kesho yake nilikwenda Mazimbu kwa fundi mmoja wa kompyuta aliyekuwa mteja wangu. Akaniuliza kama ndani ya boksi nilikuta CD yoyote. Sikukuta. Basi, akasema, nakala ya programu zote imewekwa kwenye sehemu hiyo; ukiifuta, siku mashine ikigoma huna pa kuanzia. Kwanza niitolee nakala kwenye CD, nihakikishe CD hizo zinasomeka, ndipo nifikirie kufuta. Akanionya pia kwamba kuirudisha mashine kama ilivyokuwa mpya kunafuta kazi zote zilizomo, kwa hiyo tasnifu za watu nazo niziwekee CD zake. Nilifanya yote. Kazi za zamani nikaziondoa kwenye diski, nafasi ikapatikana, na ile sehemu nikaiacha ilale.

Miezi haikuwa mingi, umeme ukakatika na kurudi kwa nguvu, kompyuta ikawaka lakini ikagoma kufunguka. Nikabonyeza kitufe alichonielekeza fundi. Ile sehemu ikaamka. Ilichukua muda mrefu, nikanywa chai mbili bila kujua ladha yake, kisha mashine ikafunguka safi kama siku nilipoitoa kwenye boksi. Tasnifu nikazirudisha moja moja kutoka kwenye CD. Nililia mbele ya wateja, na sikuona aibu.

Nilipomsimulia mama mkwe, alicheka tu na kuendelea na mambo yake. Safari yake iliyofuata, nilipompa shikamoo akaitikia huku akifungua kanga aliyobebea mzigo, akanikabidhi fungu la mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake yenyewe.

"Ya msimu ujao," akasema. "Tunza wewe."