Roboti Niliyomchagulia Baba

Baba alikuwa fundi wa injini za boti mwaloni Ujiji, pale zinapotia nanga. Kiharusi kilipompiga, mkono wa kulia ukapooza moja kwa moja, na ulimi ukawa mzito. Alirudi kutoka hospitali akawa anashinda mkekani akitazama ukuta. Mimi ni binti yake wa pili, nafundisha kompyuta sekondari moja ya Rusimbi. Siku moja akaniuliza, neno moja moja, "Vile vigari vya wanafunzi wako, vinavyojiendesha, wanavifanyaje?"

Lilikuwa swali lake la kwanza tangu augue. Nikamwambia nitamletea roboti ajifunze mwenyewe.

Shuleni tulikuwa na aina mbili. Moja imeshaunganishwa, unaiongoza kwa kupanga vipande vya rangi kwenye tableti, kila kimoja na picha yake: mshale wa mbele, mshale wa kugeuka, kiganja cha kusimama. Nyingine ni kibao kitupu cha umeme, mota mbili, magurudumu na fungu la nyaya. Amri zake unaziandika kwa maneno, na ukikosea nukta moja haitikisiki. Anayeanza huwa namshauri aanze na ya picha. Baba nikamchukulia ile ya pili. Niliona aibu kumpa kitu cha kitoto mtu aliyekuwa akifungua injini nzima na kuirudisha bila kubakiza hata skrubu.

Nyaya nilimfungia mimi. Nikamwandikia amri tano kwenye karatasi, azinakili kwenye laptopu yangu ya zamani.

"Shikamoo Baba. Leo imetembea?" nilimwuliza kila nikirudi kazini.

"Marahaba. Bado kidogo."

Ikapita wiki ya tatu, bado kidogo. Kwenye laptopu nilikuta herufi zimerundikana ovyo, nikadhani ni kwa sababu anatumia mkono wa kushoto. Siku hiyo nilikuwa nimechoka, nikamsemesha kama ninavyowasemesha wanafunzi wavivu.

"Baba, karatasi iko mbele yako. Ni kunakili tu."

Mama akaniita uani alikokuwa akianua dagaa.

"Usimwulize tena," akasema kwa sauti ya chini. "Baba yako hawezi kusoma tangu augue. Msahafu anaufungua, lakini ukurasa haugeuzi. Alinikataza nisimwambie mtu, hasa wewe mwalimu."

Kesho yake nikaleta ile ya picha. Baba akapanga vipande kwa kidole cha kushoto: mbele, mbele, kulia, simama. Kigari kikavuka mkeka, kikageuka, kikasimama karibu na mguu wa kitanda. Alikitazama muda mrefu.

"Hiki ni cha watoto," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Kilikuwepo tangu mwanzo?"

Nikamwambia kilikuwepo. Nilitaka kumwomba radhi, lakini ningelazimika kutaja kile alichokuwa anakificha. Akaniomba nimgeuze alale upande wa pili.

Hakukigusa tena. Kiharusi cha pili kilimchukua kabla mvua hazijaanza. Msibani, mama mmoja jirani alinishika mkono akanisifu kwamba nilimpa mzee kitu cha kumchangamsha katika siku zake za mwisho. Nikamwitikia, "Ahsante, mama," kisha nikaingia jikoni kuwasaidia wanawake kuchambua mchele.