Tundu la Kisogoni

Mtaani walimwita Daktari wa Waliolala, maana alipasua maiti mochwari, na wagonjwa wake hawakuwahi kumlalamikia. Utani huo aliuanzisha mwenyewe. Alikuwa mtu wa vicheko, mpaka siku alipoletewa mwili wa Rais.

Redio ilikuwa imeshatangaza kuwa Rais amejipiga risasi nyumbani kwake. Daktari alipofunua shuka, akaona tundu la risasi liko kisogoni. Ngozi iliyolizunguka haikuungua, wala haikuwa na masizi ya baruti. Anayejipiga huisogeza bastola karibu. Risasi hii ilipigwa kwa mbali, kutoka nyuma.

"Huyu kauawa," alimwambia afisa aliyesimama mlangoni, leso puani.

"Daktari, redio imeshasema."

"Redio haikumwona. Mimi namwona."

"Una watoto?"

"Ninao."

"Basi waonee huruma."

Akakataa kutia saini. Akasaini daktari mwingine, naye aliyekataa akatiwa ndani. Alipotoka, nywele zilikuwa nyeupe pe na kazi hana. Mkewe ndiye aliyewalea watoto kwa cherehani, akishona sare za shule. Daktari alikaa pembeni yake akishikiza vifungo. Wateja walisema vifungo vyake havibanduki, labda nguo ichanike. Mke akacheka. Yeye hakuinua uso.

Watoto wakakua, wakaoa na kuolewa. Utawala ule ulipoanguka, tume ikaundwa, kaburi la Rais likafukuliwa. Fuvu lilikuwa limevunjika kuelekea ndani, palepale kisogoni risasi ilipoingilia. Daktari akaitwa ukumbini, akaeleza alichokiona.

Alipotoka, bibi mmoja mwenye mkongojo alimzuia kwenye korido. Alikuwa mjane wa Rais.

"Daktari, una hakika hakujiua?"

"Nilimshika kichwa kwa mikono hii, mama. Hakujiua."

Bibi akajishusha taratibu kwenye benchi.

"Asubuhi ile tuligombana," alisema. "Nilimwambia afadhali afe nipumzike. Nikatoka nyumbani kwa hasira, na mchana wakanifuata kuniambia amejipiga risasi. Nikajua nimemuua mimi. Hata wanangu sijawahi kuwaambia."

Daktari akaketi kando yake. Miaka yote ile alijiona amebeba mzigo peke yake.

"Nilitaka kukutafuta," alisema. "Niliogopa, kwa ajili ya watoto."

"Hata mimi ningeogopa." Akaegemeza mkongojo ukutani. "Aliumia?"

"Hakupata hata muda wa kuumia."

Hapo bibi akalia, kilio cha mtu aliyefiwa leo. Mke wa Daktari, aliyekuja kumchukua mumewe, aliwakuta hivyo. Aliketi upande wa pili wa bibi, akamshika mkono.

Daktari hakumaliza mwaka. Msibani kwake, mjane yule alikaa mkekani pamoja na wafiwa, na wageni wakadhani ni dada wa marehemu. Hakuna aliyewasahihisha.